Mwenzi wako akilazwa hospitali: vile utamuuguza mpaka atembee, na vile watu wa mtandaoni watakusaidia kubeba

Mama watoto alivunjika mfupa wa paja mwaka jana mwezi wa tano. Alikuwa ametoka Kibuye kwa kazi yake ya mitumba, amepanda boda anarudi nyumbani, na kabla hawajafika Mamboleo gari likawagonga kutoka nyuma, yeye akarushwa upande wa mtaro, mwenye boda akatoka na michubuko tu. Siku 19 wodini, opareshoni moja, chuma kirefu ndani ya mfupa, halafu miezi ya kumuuguza kwa nyumba ya sebule na chumba kimoja, choo kiko nje. Naandika haya kwa sababu ile siku ya kwanza nilitafuta mtu wa kuniambia nianzie wapi na sikumpata, kila mtu alisema pole, na pole ni neno zuri lakini halikuambii kesho asubuhi utafanya nini. Kama mwenzi wako amelazwa saa hii, iwe ni Kisumu, Kakamega, Siaya ama Nakuru, soma polepole uchukue yale yanakufaa.

Anza na karatasi na damu

Ukifika kaunta kitu cha kwanza wanauliza ni kitambulisho na SHA, ile bima ya afya ya serikali. NHIF iliisha tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi yake, na bado kuna wazee wa boma hawajui kama bibi na watoto wameandikwa chini yao ama la, wanajulia pale kaunta mgonjwa akiwa kwa machela. Piga *147# ukiwa umekaa tu kwa benchi, uangalie kama mwenzi wako yuko na kama malipo yako hai. Wa mshahara wanakatwa asilimia 2.75, sisi wa jua kali tunakadiriwa mapato halafu tunalipa ya mwaka mzima kwa mpigo, na hakuna anayewekewa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kama haujalipa usijifiche, uliza afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu bili ya siku mbili mnaweza kuizungumzia lakini ya wiki tatu inakuja ikiwa imeshakomaa.

Damu nayo. Paja likivunjika damu nyingi inamwagikia ndani hata kama hauoni kidonda kikubwa, kwa hivyo usishangae ukiambiwa ulete watu wa kutoa. Anayetoa awe na miaka 16 hadi 65, kilo 50 kwenda juu, awe mzima, na aje amekula na kunywa maji. Kundi lake la damu si lazima lifanane na la mgonjwa, maana anarudisha kwa benki ya damu, na hii ukiiandika wazi watu wanajitokeza, wengi walikuwa wamekaa kimya wakidhani damu yao haitafaa.

Kabla ya kufungua grupu, muulize mwenyewe

Hii naiweka mbele ya pesa na kila kitu. Siku ya pili, akiwa amepata nafuu kidogo ya maumivu, niliinama nikamuuliza, "Mama, nataka kuambia watu. Niseme nini?" Akanyamaza, akaangalia dari, halafu akasema, "Waambie nimevunjika mguu na naendelea. Picha hapana, baba. Na mambo ya choo hapana."

Basi hiyo ikawa sheria ya grupu, nikaiandika pale juu kwa maelezo ili kila anayeingia aisome. Mgonjwa ndiye mwenye habari yake, wewe ni mpelekaji tu. Hata kama ni bibi yako ama bwana yako, hata kama mmekaa miaka 14, mwili ni wake.

Na uisimamie kwa nguvu, kwa sababu itavunjwa. Sisi jamaa mmoja wa karibu alikuja saa ya kuona wagonjwa, akampiga picha akiwa na dripu, kichwa hakijafungwa kitambaa, na nyuma anaonekana mama wa kitanda kingine ambaye hata hatumjui, akaitupa kwa grupu na maneno ya kuombewa. Kufikia jioni picha iko kijijini Yala, mama mkwe wangu akaiona kwa simu ya jirani akadhani mtoto wake ameshaenda. Nilimpigia yule jamaa, sikumgombeza, nilimwambia tu futa kwa wote, na uwapigie uliowatumia pia wafute. Afya ya mtu ni habari nyeti hata kwa ile sheria ya kulinda data ya 2019, lakini mimi sheria sikuihitaji, nilikuwa nimeona uso wa mama watoto alipoambiwa.

Mkiwa na grupu muweke maadmini wawili watatu, usiwe peke yako. Wewe utakuwa na simu haina chaji, utakuwa kwa laini ya dawa, utakuwa umelala kwa kiti. Sisi tulikuwa na dada yangu pamoja na rafiki yake mama watoto wa sokoni, na hawa wawili ndio waliobeba hiyo grupu.

Usiombe msaada, omba kitu

Wiki ya kwanza niliandika "naomba msaada wenu wapendwa" na nikapata mikono ya maombi 60 na hakuna mtu aliyekuja. Si eti watu ni wabaya. Mtu amekaa kwa kazi yake huko Nakuru ama Luanda hajui unataka nini, anaogopa kukosea, anangoja mwingine aanze. Dada yangu ndiye alibadilisha, akaanza kuandika kila jioni saa moja hivi:

"Kesho Jumanne. 1. Uji wa wimbi na mayai mawili, ufike geti saa sita kasoro. 2. Mtu wa kuchukua watoto shule saa tisa na nusu. 3. Mwanamke mmoja wa kumuosha asubuhi saa kumi na mbili, sista wa wodi ametukubalia. Andika namba unayochukua."

Kwa dakika ishirini namba zote zinaisha. Hata wa mbali walipata kazi, kuna mmoja alikuwa Mombasa akachukua uji kila Jumanne kwa kumlipia mama wa kibanda karibu na geti ya hospitali aupike aupeleke. Kwa hivyo kila jioni kaa chini uandike vitu, saa na mahali, na kama hakuna kitu unahitaji kesho andika pia hivyo, "kesho tuko sawa," watu wapumzike.

Kuna kitu cha kwetu hapa lazima nikitaje maana kinachanganya wengi. Kwa Wajaluo, na majirani zetu Waluhya pia, mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe. Mama alitaka sana kuja kumlea mtoto wake, na mimi nilitaka, lakini angelala wapi? Tukaiweka kwa grupu ya familia tu, si ile kubwa, na shangazi mmoja anayekaa Kondele akasema mama alale kwake, aje kwetu mchana na tuktuk, jioni arudi. Wiki tatu hivyo. Kama una jambo la mila limekwama, usilinyamazie kwa aibu, kuna mtu wa ukoo ana chumba.

Pesa, kwa ufupi

Wewe usishike. Tafuta mweka hazina ambaye si wewe wala si ndugu yako wa tumbo moja, namba moja tu ya M-Pesa, jina litakalotokea litangazwe, na kila Jumapili atume skrinshoti ya zilizoingia na zilizotoka. Bili ya hospitali ilipwe moja kwa moja kwa paybill ya hospitali, risiti ipigwe picha iwekwe. Kuna siku mtu aliingia grupu akaweka namba yake akisema ya kwanza imejaa, bahati nzuri admini mmoja alikuwa macho akampigia mweka hazina kwanza. Baada ya hapo tulibadilisha mpangilio wa grupu, maadmini tu ndio wanaandika, wengine wanajibu kwa simu.

Tafuta grupu ya pili, ya waliopitia

Ya kwanza ni ya wale wanaokupenda. Ya pili ni ya wale wanaojua. Mimi niliipata kwa benchi la wodi, nimekaa na mama mmoja ambaye bwanake alikuwa amevunjika miguu yote miwili, akaniambia kuna grupu ya watu wa mifupa, wengi wa Kisumu, Vihiga, Kakamega, wachache wa Nakuru, nikaongezwa usiku huo. Huko nilijifunza vitu sista hana muda wa kukuambia kwa sababu ana vitanda thelathini. Nani anakodisha kiti cha magurudumu. Magongo ya mbao yanakatwa wapi kwa bei nafuu. Kwamba mgonjwa asiyeweza kusogea ageuzwe kila baada ya saa mbili na visigino viinuliwe na nguo iliyokunjwa visiguse godoro, la sivyo ngozi inaoza ukimwangalia hivi hivi. Kwamba akiwa amelala achezeshe kifundo cha mguu, juu chini juu chini, kila anapokumbuka, ili damu isikae mahali pamoja ikaganda.

Lakini sikiliza. Grupu hiyo hiyo kuna mtu aliniandikia nimpeleke kwa mzee anayekanda mifupa, na mwingine akasema aache zile sindano za tumboni kwa sababu zinamaliza damu. Hizo sindano ndizo zinazuia damu kuganda mguuni! Na mguu ambao umetoka kuvunjika haukandwi na mtu wa mtaani, kama kuna damu imeganda ndani ya mshipa unaweza kuisukuma ikapanda mpaka mapafu, na hapo ni kifo cha dakika. Nilijiwekea mpaka ambao nakuomba uuweke na wewe: mambo ya kiti, ndoo, chakula, nauli, moyo, naamini walionitangulia. Mambo ya dawa, kidonda na uzito wa kuweka kwa mguu, namuuliza daktari ama fisio, yule wa mazoezi ya viungo, na nikisikia kitu kwa grupu naenda nacho kliniki kama swali. Supu ya mifupa walivyosema nipike nilipika, haina ubaya, na omena akala kwa wingi, omena inaliwa na mifupa yake kwa hivyo kalsiamu iko humo, na mayai na maharagwe, maana mfupa unajengwa na chakula.

Siku mnaambiwa mwende nyumbani

Utakuwa na furaha na utataka kutoka mbio. Kaa kidogo. Muombe daktari ama sista ruhusa umrekodi kwa simu, wengi wanakubali, halafu uliza: aweke uzito kiasi gani kwa mguu na mpaka lini, kidonda kioshwe lini na nani, nyuzi zitolewe lini, kila dawa ni ya nini na inaisha siku gani, kliniki ni tarehe ngapi, na nikipata shida usiku nampigia nani. Hiyo rekodi niliisikiliza zaidi ya mara kumi nyumbani, kwa sababu pale wodini nilikuwa naitikia tu ndio daktari, ndio daktari.

Nyumbani, na hapa ndio kazi iko

Choo kwanza. Mtu ana chuma pajani hawezi kuchuchumaa, na choo cha ploti ni cha shimo. Nilichukua kile kiti cheupe cha plastiki chenye mikono, kile cha matanga, nikachora duara katikati nikakata na kisu kilichopashwa moto, nikasugua ukingo na msasa mpaka laini, halafu nikazungushia tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa nikaifunga na uzi wa nailoni, isimkwaruze. Kikae juu ya shimo, miguu yote minne imekanyaga sakafu kavu, ukikalie wewe kwanza ujitingishe uone kama kinacheza. Usiku hicho hicho ndani ya nyumba na ndoo chini yake. Kiti hiki wazo lilitoka kwa kijana mmoja wa Mbale kwa ile grupu ya pili, alinitumia voisi ya dakika nne akieleza, na mama watoto siku ya kwanza alipoenda choo peke yake, mimi nikiwa nimesimama nje ya mlango, aliniambia kutoka ndani, "Sasa nenda, baba, niache." Nililia hapo nje.

Kuoga, weka stuli ya kukalia, maji yawe tayari yamechanganywa, na kila kitu kiwe mbele yake asijipinde. Kidonda kifunikwe kisilowe mpaka uambiwe kiko sawa.

Magongo yapimwe. Sehemu ya juu iwe chini ya kwapa kama vidole viwili au vitatu, uzito aweke kwa mikono, si kwa kwapa, kwa sababu kwapa likibanwa mishipa inaumia mikono inakufa ganzi. Angalia vile vipira vya chini, vikiisha nunua vingine, sakafu ya simiti ikiwa na maji ni hatari. Ngazi, akipanda mguu mzima utangulie, akishuka magongo na mguu mgonjwa vitangulie, na wewe simama chini yake akipanda na akishuka. Kwenda kliniki chukua tuktuk, aingie kwa kukaa kwanza kinyumenyume halafu ndio ageuze miguu aiingize, taratibu, na dereva umwambie mapema kwamba una mgonjwa wa mfupa asikimbilie matuta.

Dawa nilipanga kwa trei ya mayai, nikaikata, safu moja ya asubuhi, moja ya mchana, moja ya usiku, kila shimo siku yake, nikaandika na kalamu. Paracetamol ya 500 isipite vidonge 8 kwa saa 24, na uwe mwangalifu maana dawa nyingi za homa na mafua zina paracetamol ndani, unajikuta umepitisha bila kujua. Zile za maumivu makali kama tramadol zinafunga choo, kwa hivyo maji mengi, mboga, papai, msingoje siku ya tano. Za antibayotiki zimalizwe hata akijisikia vizuri. Na za kuongeza damu usimpe na chai, chai inazuia ile madini ya chuma iliyo kwa dawa isiingie mwilini, mpe na maji ama chungwa. Choo kitakuwa cheusi, na hizo dawa ndizo zinafanya, lakini kikiwa cheusi na anaumwa tumbo ama ana kizunguzungu mpeleke.

Hapa usiandike grupu, toka uende

Ndama ya mguu ikivimba, ikiwa na joto na maumivu hata kama ni ule mguu mzima. Akishikwa na kukosa pumzi ghafla ama kifua kuuma. Kidonda kikitoa usaha, kikinuka, kikiwa chekundu kinachopanda, ama akipata homa. Vidole vya mguu vikiwa baridi ama ganzi. Usitume picha kuuliza watu wanaonaje, watakujibu 40 na majibu 40, na wewe umekaa. Piga simu ya tuktuk ama ambulensi kwanza, ukiwa njiani ndio uandike. Mimi namba za madereva watatu nilizibandika kwa mlango.

Usiku

Mchana watu wapo. Usiku ndio mgonjwa anafikiria. Mama watoto alikuwa analala saa tatu anaamka saa nane usiku mguu unagonga, na mimi saa kumi na moja natakiwa niamke niandae watoto niende kazi, wiki ya tatu nyumbani nikaanza kumjibu vibaya. Nilimwandikia binamu yake aliye Texas, si kwa grupu, kwake tu, nikamweleza ukweli. Akaniambia saa nane yenu ya usiku mimi niko saa kumi na mbili jioni nimetoka kazini, mwambie anipigie. Wakawa wanaongea polepole chini ya blanketi, nyimbo za kanisa, stori za Yala wakiwa wadogo, nikiwasikia wakicheka huku nikipitiwa na usingizi. Kama una mtu ng'ambo anayekuuliza kila siku nitume nini, mwombe saa zake.

Na wewe pia uwe na mtu mmoja wa kuambia. Si mgonjwa, si grupu. Mtu mmoja. Mimi nilikuwa na mwenzangu wa kazi, Jumamosi tunakaa Dunga saa moja tunaangalia maji, namwambia yote, hata yale mabaya ya kwamba nimechoka naye. Kuchoka na mtu si kutompenda, na ukikaa nayo kimya itamtokea mgonjwa kwa sauti siku ambayo hakustahili.

Mfupa wa paja unachukua miezi mitatu mpaka sita kushika, wengine zaidi, na ni eksirei ya kliniki itasema, si hamu yenu. Kuna wiki haionekani kama kuna kitu kinaendelea. Andika kidaftari, leo ametembea mpaka kwa mlango, leo mpaka kwa kamba ya nguo, leo mpaka kwa duka.

Kufunga

Akishaanza kutembea bila kushikwa, mweka hazina atoe hesabu ya mwisho, kila shilingi, na iliyobaki mwenyewe aseme iende wapi. Mama watoto alirekodi voisi mwenyewe kuwashukuru, dakika mbili, halafu maadmini wakafunga ile grupu. Ya pili sikutoka, niko mpaka leo, nikiona mtu mpya ameuliza mambo ya choo ndio namtumia picha ya kile kiti. Na magongo msiyaweke nyuma ya mlango yakae na vumbi, ulizeni kwa grupu nani anayahitaji. Yetu niliyafunga pamoja na kamba, nikabadilisha vipira vya chini, yakaenda Ahero na matatu ya asubuhi kwa msichana wa miaka 22.